Bati Lililorukia Sumaku

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Mstaafu wanayemjua wao ana mvi, ana barua, na aliwahi kufanyiwa sherehe ya kukabidhiwa godoro. Mimi nina miaka arobaini na kitu, godoro langu nililinunua mwenyewe, na aliyenistaafisha ni daktari aliyeweka kipimo kifuani mwangu akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema vumbi lililokwisha kuingia limeingia. Kilichobaki ni kutoongeza jingine. Kwa hiyo nimekabidhi karai, nimerudi Rugera kwenye migomba ya baba, na kila asubuhi miguu inataka kuondoka. Kwa kuwa haina pa kwenda, nimeona mkono uende badala yake.

Nawaandikia ninyi mnaosafisha bati sasa huko Kyerwa. Habari za vyeo hamtazipata hapa, kwa sababu kwetu vyeo havikuwepo: ama karai liko mikononi mwako, ama haliko. Nitaeleza tulivyofanya kazi, na nani alinifundisha, na ile mvua ambayo bati letu lilianza kurukia sumaku.

Nilifika Kyerwa nikiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na kuanza kutembea. Nilikwisha kubeba magunia ya kahawa Ihanda, nimechoma matofali, nimeziba pancha za baiskeli kando ya barabara. Sikuwa nakaa mahali hadi nikajua jina la mbwa wa jirani. Nikasikia kuna milima inayochimbwa bati, nikaenda kuitazama, na nilidhani ningeitazama kwa mwezi mmoja tu.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Festo, mtu mrefu aliyezungumza kama anaita mtu ng'ambo ya bonde hata ukiwa umesimama mbele yake. Nilijua atanipa sululu. Akanishika mkono, akageuza kiganja, akakitazama kama mtu anayekagua ndizi sokoni.

"Umesoma wewe."

"Kidogo, mzee."

"Basi shimoni utakuwa unauliza maswali. Nenda kwa Mama Verediana, ukaoshe."

Kuosha ilikuwa kazi ya wanawake, na vijana waliokaa pale juu ya kifusi walihakikisha nimelijua hilo kabla sijafika mtoni. Mama Verediana alikuwa ameinama kwenye kijito, gauni limefungwa kiunoni, karai likizunguka mikononi mwake kana kwamba linazunguka lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kuosha?"

"Kuosha nini?"

"Vyombo. Tuanzie hapo. Ukishindwa vyombo, bati litakukataa."

Hakunipa karai siku ile. Alinipa konzi ya mchanga mweusi uliokwisha kuoshwa, akaniambia niketi juani nitenganishe punje kwa macho na vidole tu, kila aina na lundo lake. Jioni nilikuwa na malundo mawili. Akayatazama, akayachanganya tena kwa kidole kimoja, akasema nirudie kesho. Nilirudia hadi nikapata malundo manne.

Hayo malundo manne ndiyo shule yangu, na ninawaandikia kwa sababu siku hizi naona mnaruka hatua hii. Bati ni zito, na fuwele zake zina nyuso. Ukishika punje nzima, isiyosagika, utaona nyuso hizo zinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na mara nyingine fuwele mbili zimeota pamoja kwa pembe, kama mkono uliokunjwa. Sisi tuliita kiwiko. Ukiona kiwiko, huhitaji kuuliza tena. Lundo la pili ni wolframu, madini mengine, nyeusi na nzito vilevile, na imewadanganya wengi, lakini imejengwa kwa tabaka. Igonge, itapasuka upande mmoja tu, bapa, kama kurasa zinazoachana. Bati likigongwa hupasuka ovyo. Lundo la tatu ni mchanga wa chuma, ule mweusi unaorukia sumaku yoyote. La nne ni takataka zinazong'aa, ambazo ndizo watu wageni huzipenda zaidi.

Kama bado una shaka, vunja sahani ya udongo, tumia upande usio na rangi, na usugue punje. Wolframu huacha mstari wa kahawia iliyokolea. Bati huacha mstari mweupe, au haliachi kitu ila linaikwaruza sahani. Mama Verediana alikuwa na kipande cha sahani alichokifunga kwenye kona ya kanga, pale ambapo wanawake wengine hufunga hela.

Baada ya vidole ikaja sumaku. Ya kwanza tuliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na nguvu zake zilitosha kuvuta mchanga wa chuma basi. Hilo lilitutosha kwa miaka mingi. Unaifunga kwenye mfuko wa nailoni, unaipitisha juu ya mchanga mkavu, chuma kinarukia mfuko. Unasogea pembeni, unaitoa sumaku ndani ya mfuko, chuma kinaanguka. Asiyetumia mfuko atashinda akikwangua sumaku kwa kucha, na tutamcheka.

Baadaye nilipata sumaku ndogo kwa fundi simu wa Kayanga, iliyotoka ndani ya kompyuta mbovu. Hii ilikuwa imetengenezwa kwa zile metali wanazoziita adimu. Ukubwa wake ni kama kisigino cha kiatu cha mtoto, lakini siku niliyoileta ilinibana kidole kwenye ukingo wa karai hadi Mama Verediana akaja kunichomoa. Hiyo ndiyo iliyotufungulia ukurasa mwingine, maana ilivuta hata wolframu, polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini. Chuma hurukia sumaku yoyote. Wolframu huhitaji kali. Bati halivutwi na yoyote. Niliwafundisha wengi sentensi hiyo. Ndiyo iliyokuja kututia matatani.

Katika miaka hiyo niliondoka mara nyingi. Mguu ukiwasha nilikwenda. Nilifika mashimo mengine, nilivuka mito ambayo sikuijua majina, nilikaa Nyakahanga msimu mmoja nikimuuguza baba hospitalini na kulala kwenye kibanda cha muuza chai. Kila niliporudi, Mama Verediana alinitazama kutoka kwenye kijito, akasema, "Umerudi. Kuna karai pale." Hakuna aliyewahi kunikaribisha vizuri kuliko hivyo.

Sasa nije kwenye mvua ile.

Kikundi kilikuwa kimefungua shimo jipya upande wa juu wa kilima. Bati lake lilikuwa zuri, punje kubwa, viwiko vingi, lakini zote zilikuwa zimevaa kutu: koti la njano na kahawia ambalo maji hayakuliondoa. Hatukujali. Kutu ya namna hiyo hairukii sumaku, na mpimaji wa kituo cha kuuzia aliinunua pamoja na bati bila neno.

Kisha mvua ikakaa. Siyo ile inayopiga ikapita. Ilikaa kama mgeni asiyeaga. Bati bichi halipimiki, na jua la kulikausha halikuwepo, kwa hiyo tukawasha moto. Tulipasua pipa katikati, tukaliweka juu ya mafiga, tukamimina mchanga wa bati. Na kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayeweka kitu motoni bila kukitandikia jani la mgomba, wanawake walitandika majani makavu chini, wakafunika mengine juu ili matone yasiingie. Moshi ulikuwa mwingi. Majani yalipoisha tuliongeza mengine. Bati lilitoka kavu, jeusi kuliko lilivyoingia, na tulijipongeza.

Mpimaji kwenye kituo cha kuuzia alikuwa Bwana Leonidas, mtu wa Muleba, shati jeupe, mpole, asiyechukua hata soda ya mtu. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Akamwaga bati letu kwenye sinia jeupe, akapitisha sumaku yake ya kawaida juu, na bati likaruka. Halikuruka punje mbili tatu. Liliruka lote upande mmoja wa sinia, likaning'inia kwenye sumaku kama nyuki kwenye tawi.

Bwana Leonidas aliinua macho. "Aliyeosha hili ni nani?"

"Mimi," akasema Mama Verediana.

"Umechanganya mchanga wa chuma, mama. Ili uzito uongezeke."

"Sijachanganya."

"Mama, sumaku haina mjomba wala shangazi. Haimpendelei mtu. Umechanganya, na watu wote hawa wameona."

Ni kweli, waliona. Mtu mmoja kwenye foleni alisema, si kwa sauti kubwa, ila ya kutosha: "Hawa wa kuja, ndivyo walivyo." Wazazi wa Mama Verediana walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Ameishi Kyerwa tangu kabla barabara haijafika, amezika mume pale, amefundisha nusu ya waoshaji wa kilima kile. Yote hayo sikuyasikia yakitajwa siku hiyo.

Tulirudi na magunia yetu. Festo kwa mara ya kwanza alizungumza taratibu, na hilo lilinitisha zaidi. Kituo kimesema hakitapokea tena bati la kikundi chetu mpaka mchanganyaji aondoke. Kutakuwa na kikao wiki ijayo. Asipopata maelezo, Mama Verediana atatoka kwenye kikundi, na mtu aliyetolewa kwa kuchanganya hapokelewi na kikundi kingine chochote. Nilijua maana yake. Mwanamke wa umri wake, asiye na shamba, akinyang'anywa karai, amenyang'anywa kila kitu, na jina juu yake.

Nilichukua konzi ya bati lile nikaketi nalo kama siku ya kwanza. Nyuso zilikuwepo. Viwiko vilikuwepo. Nilizisugua punje kwenye sahani, mstari haukuwa wa kahawia iliyokolea. Uzito ulikuwa uleule. Kila nilichofundishwa kilisema hili ni bati. Nikaleta sumaku, likaruka.

Mama Verediana alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na wewe unaona nimechanganya?"

"Naona ni bati, mama. Na naona linaruka."

"Basi hujaona vya kutosha. Nenda kaone zaidi. Kutembea si ndiyo kazi yako?"

Nilipanda bodaboda hadi Ihanda. Kule alikuwepo Anitha, tuliyekaa naye dawati moja kidato cha kwanza. Yeye aliendelea, mimi niliishia nilipoishia. Sasa ni daktari, lakini si wa sindano: anafanya kazi kwenye maabara ya chuo nje ya nchi, na nilijua tu kwamba kazi yake inahusu fuwele na sumaku, kwa sababu mama yake alikuwa akiwaeleza watu wote na kuwachanganya. Alikuwa amekuja kumtunza huyo mama, aliyetoka hospitali karibuni. Nilimkuta uani akigeuza kahawa kwenye mkeka.

"Ala. Bado uko hai wewe? Niliambiwa umepotelea Uganda."

"Nilipotea, nikarudi. Shikamoo, mama." Hiyo ilikuwa kwa mama yake, aliyeketi mlangoni amejifunika blanketi.

"Marahaba, mwanangu. Huyu si ndiye aliyekuwa akitoroka shule kwenda kuangalia magari?"

"Ndiye, mama. Sasa anatoroka migodi."

Nilimweleza Anitha, nikampa kifuko cha bati letu. Akamwaga punje kwenye kiganja, akazitazama kwa kioo cha kukuza, akazijaribu na sumaku yangu ndogo, akatabasamu, akaacha kutabasamu. "Sijui," akasema. "Hili ni bati kweli. Na bati halipaswi kufanya hivi. Nieleze kila mlichofanya tangu lilipotoka ardhini. Usiruke."

Nikaeleza. Shimo, maji, karai. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Nilipofika kwenye pipa akainua mkono.

"Mlikaushia wapi?"

"Kwenye moto. Mvua hii, ungekausha wapi?"

"Moto na nini tena?"

"Moto tu."

"Na majani," akasema mama yake mlangoni. "Nani anaweka kitu motoni bila majani?"

Anitha alimgeukia mama yake, kisha akanigeukia mimi. "Mliweka majani ya mgomba?"

"Bila shaka."

"Unalo lililobaki? Ambalo halijaona moto?"

Nilikuwa nalo, kwenye kifuko kingine, la shimo lilelile, na kutu yake ya njano. Tukapitisha sumaku ya kawaida: hakuna kilichotikisika. Akaingia jikoni akatoka na kikaango cha kukaangia kahawa. Mama yake akapaza sauti. Anitha akamwambia atamnunulia kingine. Mama akasema hataki kingine, anataka hicho, amekizoea. Wakati wanabishana mimi niliwasha moto. Tukatandika jani kavu, tukamwaga bati la njano, tukafunika na jani jingine na kifuniko, tukangoja huku moshi ukitutoa machozi wote watatu. Lilipopoa lilikuwa jeusi. Nikaleta sumaku.

Likaruka.

Nilikaa chini. Anitha hakukaa. Alikwenda kwenye mkeka, akachota punje za kahawa iliyokobolewa, akazipanga kwenye ubao: safu moja tumbo juu, safu ya pili tumbo chini, ya tatu juu, ya nne chini.

"Tazama. Kila punje ni atomu ya chuma ndani ya kutu yako. Kila moja ni sumaku ndogo, na tumbo ndilo linaonyesha inaelekea wapi. Safu hii inavuta juu, hii inavuta chini. Zinalingana. Kwa nje unaona nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Ndiyo maana kutu hairuki. Si kwamba haina sumaku. Inazo nyingi, ila zimefutana. Sasa unaipika na majani. Maji yanatoka, moshi unanyang'anya sehemu ya oksijeni, na atomu zilizobaki zinalazimika kukaa upya." Akapanga upya, haraka, na safu za tumbo juu zikawa nyingi kuliko za chini. "Sasa hazilingani. Zilizozidi zote zinavuta upande mmoja. Chuma ni kilekile, hamkuongeza hata punje. Kilichobadilika ni mpangilio."

"Na bati?"

"Bati halijui lolote. Limekaa ndani limevalishwa koti. Koti likirukia sumaku, linalibeba."

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo kazi anayoifanya kule. Akasema ni hiyohiyo, ila yeye tabaka zake anazipanga mwenyewe. Anachukua metali adimu, jamaa za zile zilizo kwenye sumaku yangu, anazioka pamoja na oksijeni na naitrojeni, hadi zijipange kama karatasi: tabaka la metali, tabaka la hewa hizo mbili, tena metali. Kisha anapima matumbo yameelekea wapi. Naitrojeni ikiingia zaidi kidogo mahali pa oksijeni, karatasi zinasogeleana, na safu nzima zinaweza kugeuka. "Nimeoka unga mmoja tangu mwanangu hajaota meno," akasema. "Sasa anayang'oa, na unga bado unanidanganya. Ninyi mmepata jibu kwa kikaango cha mama."

"Ambacho kimeharibika," akasema mama.

Nilimwomba aje nami kwa Bwana Leonidas. Akakataa. "Nikija watasema dokta amesema, na wataondoka na mashaka yao. Nendeni na kikaango. Mpe kibiriti awashe mwenyewe."

Mama yake alikitoa kikaango bila kusema kitu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya pekee nilipomwona akinyamaza.

Nilirudi Kyerwa nikamweleza Mama Verediana yote, na punje za kahawa nilizibeba mfukoni nikampangia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni ngozi tu iliyogeuka."

"Ngozi tu."

"Basi tuimenye."

Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Festo, kulikokuwa na mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, ule gogo lililochongwa ambamo watu huingia na miguu na kukanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Alimwaga gunia la bati ndani, akaongeza mchanga mkali wa mtoni na nyasi na maji. Festo akatoka.

"Mama! Mtumbwi wangu wa pombe?"

"Tutauosha tukimaliza."

"Pombe itanuka bati."

"Pombe yako siku zote inanuka kitu, Festo. Sasa tutajua ni nini. Vaa buti uingie."

Akavaa. Sijui kama alimwamini au alichoka. Wanawake wa kijitoni walikuja, wote na buti za mvua, wakaingia kwa zamu, wakakanyaga kama wanavyokanyaga ndizi: kisigino, kidole, kisigino, kidole, wameshikana mabega. Mmoja akaanzisha wimbo wa kukamulia, wengine wakapokea. Maji yakawa meusi kama wino. Tuliyamwaga, tukaongeza mengine, wakakanyaga tena. Koti lililopita motoni huwa limekakamaa na kupasukapasuka, linatoka; kutu mbichi ingeng'ang'ania. Moto uliotuponza ndio ulioifungua kutu ile. Nilipitisha sumaku chini ya maji nikatoa vumbi jeusi, laini kama masizi, tena na tena, hadi ikawa inatoka tupu. Kilichobaki kilikuwa bati la rangi ya kahawia ya asali, nyuso zake zote wazi. Miaka yote ile sikuwahi kuliona likiwa safi hivyo. Mama Verediana alichota konzi, akalitazama, akaniambia, "Angalia lilivyokuwa linajificha."

Siku ya kikao hatukukaa kikao. Tulikwenda kituoni, kikundi kizima, Festo mbele na gunia, mimi na kikaango. Foleni ilikuwepo, na wengi ni walewale. Bwana Leonidas alipotuona alisimama.

"Niliwaambia."

"Ulituambia, waitu," akasema Festo, neno la heshima kwa sauti yake ya kawaida, ile ya ng'ambo ya bonde. "Tumekuja utusikilize. Usipopenda, tutaondoka."

Kwa heshima yake niseme, alisikiliza. Nilimpa bati la kutu la shimo lile ambalo halijaona moto. Akalijaribu, halikuruka. Nikamwomba alipike mwenyewe. Alitazama shati lake, akalikunja mikono, akaenda kwenye mafiga ya mama muuza chapati aliyekuwa kando, akaomba nafasi. Alitandika jani, akamwaga bati, akafunika. Hakumruhusu mtu kusogea karibu na kikaango, na alifanya vizuri. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Foleni yote iligeuka ikatazama kikaango. Hata mwenye chapati aliacha kugeuza, na zikaungua.

Alipolimwaga kwenye sinia na kupitisha sumaku, likaruka, likaning'inia. Aliitazama sumaku, akaitazama tena. Kisha akafungua gunia letu la bati lililokanyagwa, akachota juu, akachota katikati, akachota chini, akajaribu kote. Hakuna punje iliyotikisika.

"Sikujua hili," akasema polepole. "Hakuna aliyetufundisha. Vikundi vingi vimekausha kwa moto mvua hii." Nikaona anafikiria magunia mengine aliyoyakataa, na uso wake ukawa mzito. Akageuka kwa Mama Verediana, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama. Tuyamalize. Bati lenu ni zuri, nitalipokea."

Mama Verediana hakuitikia. Alikuwa amesimama wima, mikono kando, kanga imefungwa vizuri.

"Siku ile hukunong'ona," akasema.

Bwana Leonidas alirudi nyuma hatua moja. Kisha akageukia foleni, akainua sauti, naye si mtu wa kuinua sauti. Akasema: mama huyu hakuchanganya kitu. Bati lake lilikuwa bati, na mimi nilisema uongo juu yake mbele yenu bila kujua kuwa ni uongo. Nawaambia mbele yenu nilikosea. Asiyesikia aseme nirudie.

Mmoja akasema tumesikia. Wengine wakaitikia. Mimi nilimtafuta kwa macho yule aliyesema habari za wa kuja, nikamwona anatazama viatu vyake, na sikutaka zaidi ya hapo.

Nimefanya kazi nyingi baada ya siku ile, na nimewafundisha wengi wenu kuweka majani mbali na bati, na kukanyaga koti pale linapokataa kutoka. Lakini nikiulizwa ni nini nilichofanya maishani, sifikirii magunia. Nawafikiria watu wale wa foleni wakiwa wamesimama, na Bwana Leonidas akisubiri, na Mama Verediana akilifungua fundo la kanga yake, lile la kipande cha sahani, polepole, akilifunga tena.

"Marahaba," akamwambia. "Sasa pima na wa nyuma yangu. Wamesimama muda mrefu."